Kadi ya Dhahabu kwa Nauli ya Kawaida

Hadi Machi 2025, palikuwa na wakazi wa London waliokwenda Bangkok kwa njia ambayo wakala yeyote wa tiketi angeishangaa. Kwanza walipanda ndege kuelekea kaskazini, Oslo, ilhali Bangkok iko mashariki. Walilala Norway usiku mmoja, asubuhi wakapanda ndege ya Qatar Airways hadi Doha, wakabadili ndege na kufika Thailand. Baada ya siku moja au mbili walirudi kwa njia ileile. Wengi wao hawakuwa na biashara Oslo wala likizo Bangkok. Walikuwa wakifuata pointi 560.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Katika mpango wa wasafiri wa British Airways, kila kipande cha safari kilichozidi maili 2,000 katika daraja la biashara kilileta pointi 140. Oslo hadi Doha ni kipande kimoja, Doha hadi Bangkok ni cha pili, na kurudi ni viwili vingine. Mara nne 140 ni 560. Kadi ya fedha ilihitaji pointi 600 kwa mwaka, pamoja na kuruka angalau mara nne na British Airways au Iberia. Safari fupi ya kwenda na kurudi ndani ya Ulaya katika daraja la biashara, pointi 40 kila upande, iliziba pengo lililobaki. Aliyetoka London moja kwa moja hadi Bangkok katika daraja hilohilo alipata karibu nusu tu ya pointi hizo.

Oslo ilikuwa na faida ya pili, nayo ni bei. Mashirika ya ndege huuza ghali pale ambapo abiria wanataka ndege ya moja kwa moja, na hushusha bei katika miji ambayo lazima yamshawishi abiria akubali kubadili ndege njiani. Isitoshe, Uingereza hutoza kodi kubwa ya abiria kwa safari ndefu zinazoanzia nchini humo, na kodi hiyo hupanda kwa madaraja ya mbele. Anayeanzia safari Oslo au Dublin huikwepa kihalali. Msimu wa punguzo ukifika, tiketi ya daraja la biashara kutoka mji kama huo kwenda Asia ilishuka hadi pauni 1,500 hivi, au chini yake.

Mwenye kadi hiyo ya fedha hutambuliwa na mashirika yote ya muungano wa Oneworld. Hata akiwa na tiketi ya bei ya chini kabisa, anaingia launji, anapita foleni fupi ya kukabidhi mizigo, anapanda ndege mapema, na katika mashirika mengi anaongezewa uzito. Kwa hiyo hadhi ya msafiri ina bei kama bidhaa nyingine yoyote, na bei hiyo hutofautiana mno kati ya anayeijua hesabu na asiyeijua. Jambo hili linawahusu sana watu wa Afrika Mashariki wanaoruka kila mwaka kwenda Guangzhou, Dubai, London au Toronto. Nauli wanalipa tayari. Kinachopotea ni malipo ya pili yaliyofichwa ndani ya nauli hiyo.

Madaftari mawili

Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria iliyoiondoa serikali katika kupanga nauli na njia za ndege za ndani. Ushindani ukawa mkali, na mashirika yakaanza kutafuta namna ya kumfunga abiria asihame kila anapoona nauli nafuu kwingine. Mei 1, 1981, American Airlines, wakati Robert Crandall akiwa rais wake, ilizindua mpango wa AAdvantage. Kompyuta zake za kuhifadhi nafasi, zilizojulikana kama SABRE, zilitumika kuwabaini abiria waliokuwa wakirudi mara kwa mara. United ilifuata siku chache baadaye, na kabla mwaka haujaisha Delta nayo ilikuwa imejiunga.

Mwanzoni maili zilikuwa za jambo moja: kukusanya hadi upate tiketi ya bure. Baadaye yakaongezwa madaraja ya fedha, dhahabu na platinamu, na tangu hapo kila msafiri ana madaftari mawili. La kwanza ni la maili za kutumia, ambazo hununua tiketi na hupungua zikitumika. La pili ni la kupanda daraja. Hili halinunui chochote. Huhesabu tu umeruka kiasi gani katika mwaka, kisha linakupa hadhi au linakunyima, na mwaka ukiisha linaanza upya. Wengi huchanganya madaftari haya. Mtu anaweza kuwa na maili 80,000 za kutumia alizovuna kwa kadi ya benki na bado akasimama foleni ndefu, kwa sababu daftari lake la pili ni tupu.

Miungano ya mashirika iliipa hadhi nguvu mpya. Star Alliance ilianza Mei 1997, Oneworld ikafuata Februari 1999, na SkyTeam Juni 2000. Kadi ya shirika moja ikaanza kufungua milango ya mashirika mengi. Kenya Airways iliingia SkyTeam kama mwanachama kamili mwaka 2010, na Ethiopian ikaingia Star Alliance Desemba 2011. Air Tanzania, Uganda Airlines na RwandAir haziko katika muungano wowote kati ya hii mitatu, na Emirates nayo imebaki peke yake kwa hiari.

Senti kwa maili

Kwa muda mrefu mizani ya daftari la pili ilikuwa umbali peke yake. Maili 25,000 kwa mwaka zilitoa kadi ya fedha, 50,000 kadi ya dhahabu, na mashirika makubwa ya Marekani yalifanana sana katika hili. Hapo ndipo ilipozaliwa safari ya maili: tiketi inayonunuliwa kwa ajili ya umbali wake, si kwa ajili ya mji inakokwenda.

New York hadi Los Angeles ni karibu maili 2,475. Kwenda na kurudi ni 4,950, na safari tano kama hizo zinakaribia kabisa maili 25,000. Nauli ya kwenda na kurudi ikishuka hadi dola 200, kila maili inagharimu senti nne. Wafukuzaji wa maili walipima kila tiketi kwa kipimo hicho. Waliokuwa hodari waliongeza vituo njiani. Kanuni za nauli ziliruhusu abiria kufika aendako kwa njia ya mzunguko, ilimradi asivuke kiwango fulani cha umbali, hivyo tiketi ya bei ileile iliweza kupita miji miwili zaidi na kuleta maili mamia kadhaa za nyongeza. Wengine hawakutoka hata nje ya kiwanja walikofikia, bali walirudi na ndege ileile iliyowaleta.

Kulikuwa pia na njia zisizohitaji kupanda ndege. Mwaka 1999 kampuni ya vyakula ya Healthy Choice iliahidi maili 500 kwa kila alama 10 za bei zilizokatwa kwenye bidhaa zake, na mara mbili ya hizo kwa atakayewahi. Mhandisi mmoja wa Davis, California, aligundua kwamba vikombe vya pudini viliuzwa senti 25 kimoja, na kila kikombe kilikuwa na alama yake. Akanunua vikombe 12,150 kwa zaidi kidogo ya dola 3,100. Ili kubandua alama zote kwa wakati, aliwapa pudini watu wa Salvation Army nao wakamsaidia kazi hiyo. Alipata zaidi ya maili milioni 1.2. Kwa kuwa wakati huo American Airlines ilihesabu maili za chanzo chochote kuelekea maili milioni moja za maisha, alipewa pia kadi ya dhahabu ya kudumu. Kisa chake kilichangia filamu ya Punch-Drunk Love ya mwaka 2002.

Mlango wa Athens

Kisa cha Aegean kinafundisha zaidi, kwa sababu hakikutegemea ofa ya msimu. Shirika hilo la Ugiriki liliingia Star Alliance Juni 30, 2010, likiwa na mpango wa wasafiri uliotungwa kwa ajili ya ndege zake za masafa mafupi. Kadi ya dhahabu ilihitaji maili 20,000 tu, umbali ambao haufikii hata mzunguko mmoja wa dunia. Ukishaipata, ilidumu miaka mitatu. Na kwa sababu Aegean sasa ilikuwa ndani ya muungano, maili za kuruka na Lufthansa, United, Ethiopian au Turkish zote ziliingia katika daftari lake.

Watu ambao hawajawahi kuikanyaga Ugiriki wakajisajili. Wamarekani walikuwa na sababu ya pekee. Kanuni ya United inasema kwamba mwenye kadi yake ya dhahabu hawezi kuingia launji zake kwa tiketi ya safari ya ndani ya Marekani, lakini mwenye dhahabu ya Star Alliance iliyotolewa na shirika la nje anaweza. Mkazi wa Chicago aliyekuwa akiruka na United kila wiki alifaidika zaidi kwa kutaja namba ya Aegean kuliko namba ya United yenyewe.

Mwishoni mwa 2014 Aegean ilibana masharti. Dhahabu ikahitaji maili nyingi zaidi, na anayetaka njia fupi akatakiwa kuruka na Aegean yenyewe mara kadhaa. Lakini funzo limebaki hai hadi leo: ndege unayoruka nayo na mpango unaokuhesabia maili ni vitu viwili tofauti. Anayeruka na Ethiopian halazimiki kuandikisha safari zake kwa ShebaMiles, mpango wa shirika hilo. Anayeruka na Kenya Airways anaweza kuziandikisha kwa Asante Rewards ya shirika hilo, au kwa Flying Blue ya Air France na KLM, au kwa mpango mwingine ndani ya SkyTeam. Uamuzi huo huchukua dakika moja wakati wa kununua tiketi, nao ndio unaoamua kama mwaka utaisha na kadi mkononi.

Mashirika yalipobadili mizani

Mashirika hayakukaa kimya. Abiria aliyelipa dola 200 mara tano alikuwa akipata kadi ileile ya aliyelipa dola 2,000 mara tano, na wahasibu waliona hilo halina maana. Delta iliongeza sharti la matumizi ya fedha mwaka 2014: pamoja na umbali, kadi ya fedha ilitaka dola 2,500. United ilifanya vivyo hivyo mwaka huohuo, na American ikafuata 2017.

Kisha umbali ukaondolewa kabisa. Septemba 2023 Delta ilitangaza kwamba kuanzia 2024 itahesabu dola tu, na daraja lake la juu kabisa lingehitaji dola 35,000 kwa mwaka. Wateja waaminifu walikasirika kiasi kwamba mkurugenzi mkuu, Ed Bastian, alikiri hadharani kuwa shirika lilikuwa limepitiliza. Daraja hilo likashushwa hadi dola 28,000, na kadi ya fedha ikashushwa hadi dola 5,000. Hata hivyo mizani yenyewe haikurudishwa kwenye umbali.

British Airways ilitoa tangazo lake Desemba 30, 2024. Kuanzia Aprili 1, 2025, kila pauni moja inayotumika kwa nauli, bila kodi, ni pointi moja. Kadi ya fedha, iliyokuwa pointi 600, ikawa 7,500. Dhahabu, iliyokuwa 1,500, ikawa 20,000. Njia ya Oslo na Doha ikapoteza maana yake usiku mmoja: kadi iliyowezekana kwa kama pauni 2,000 sasa ilitaka pauni 7,500 kwa anayeruka na British Airways. Malalamiko yaliposhika kasi, shirika likafungua njia ya pembeni kwa wanaoruka mara nyingi kwa nauli ndogo: kuruka mara 25 kwa shaba, mara 50 kwa fedha.

Ili kuelewa kwa nini mashirika yanajali haya yote, inabidi kutazama kipindi cha korona. Ndege zilipokuwa zimeegeshwa na viwanja vikiwa vitupu, Delta ilikopa dola bilioni 9 mwaka 2020 kwa kuweka mpango wake wa maili kuwa dhamana. American ilikopa bilioni 10 mwaka 2021 kwa njia hiyohiyo. Benki zinazotoa kadi za mkopo hununua maili kwa jumla ili kuwagawia wateja wao, na mwaka 2023 pekee Delta ilipokea dola bilioni 6.8 kutoka American Express. Mpango wa wasafiri umekuwa biashara kamili, wakati mwingine yenye uhakika kuliko kurusha ndege, na kila daraja ndani yake lina bei iliyopangwa kwa makini.

Hesabu ya Nairobi

Mlango haujafungwa wote. Kwa msafiri wa Nairobi, mfano ulio wazi zaidi ni Flying Blue, ambayo tangu Aprili 2018 hupima daraja kwa umbali na daraja la kiti, bila kuuliza nauli ilikuwa kiasi gani. Kipande cha safari ya kimataifa kisichofika maili 2,000 huleta pointi 5 katika daraja la kawaida. Cha maili 2,000 hadi 3,500 huleta 8, cha 3,500 hadi 5,000 huleta 10, na kinachozidi hapo huleta 12. Daraja la biashara huzidisha mara tatu. Kadi ya fedha inahitaji pointi 100. Ukishaipata, pointi hizo zinakatwa na unaanza kuhesabu 180 za dhahabu.

Chukua abiria wa Nairobi anayekwenda London katika daraja la kawaida. Akipanda ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, anapata pointi 10 kwenda na 10 kurudi. Akipitia Amsterdam, kipande cha kwanza kina maili 4,100 na ushee, ambacho ni pointi 10, na kipande cha Amsterdam hadi London ni pointi 5. Kwenda na kurudi ni 30. Mji ni uleule, kiti ni kilekile, na mara nyingi nauli ya kupitia Amsterdam ni ndogo zaidi. Safari nne za aina hii zinatoa kadi ya fedha na pointi 20 za akiba; kwa ndege ya moja kwa moja zingehitajika tano. Safari hiyohiyo ya Amsterdam ikiwa katika daraja la biashara huleta 90, hivyo mbili tu zinafikisha 180 zinazompeleka mwenye kadi ya fedha kwenye dhahabu. Ndiyo maana punguzo la daraja la biashara likitangazwa, wanaojua hulilinganisha kwa bei ya kila pointi moja badala ya kutazama jumla ya nauli.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata bidhaa Guangzhou, hesabu inageuka. Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni karibu maili 1,100, na Addis hadi Guangzhou karibu 5,000. Kwenda na kurudi ni zaidi ya maili 12,000. Katika mpango unaopima umbali, safari mbili zenye tiketi inayohesabiwa kwa ukamilifu zinakaribia kizingiti cha 25,000, na nne zinakaribia 50,000. Mtu anayekwenda China kila robo mwaka anaweza kuifikia au kuikaribia sana dhahabu ya Star Alliance bila kuongeza safari hata moja, ilimradi safari zote ziingie daftari moja. Akienda mara mbili kwa Ethiopian, mara moja kwa Emirates na mara moja kwa Qatar, mwaka unaisha akiwa na akaunti tatu zenye mabaki.

Na kwake yeye, faida kubwa kuliko zote ni mzigo. Mwenye dhahabu ya Star Alliance huongezewa kilo 20 pale mzigo unapopimwa kwa uzito, au begi moja zaidi pale unapohesabiwa kwa idadi. SkyTeam nayo huwapa nyongeza ya mzigo wanachama wake wa juu. Anayerudi na sampuli za vitambaa au vipuri vya simu anajua kilo 20 za ziada kaunta ya kiwanja hutozwa kiasi gani. Kwa familia inayorudi nyumbani Desemba kutoka Toronto au Muscat na zawadi za ukoo mzima, begi moja la bure kila safari linaweza kupita thamani ya launji mara nyingi.

Pasipoti nayo inahesabiwa

Mbinu nyingi za Ulaya na Marekani zilitungwa na watu ambao pasipoti zao hufungua mipaka bila maombi. Mkazi wa London anaweza kwenda kulala Oslo kwa sababu tu tiketi ya kutokea huko ni nafuu. Mtanzania au Mkenya anayetaka kufanya hivyo anahitaji viza ya Schengen, yaani ada, miadi, taarifa za benki na majuma ya kusubiri. Gharama hiyo lazima iingie katika bei ya pointi.

Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ana kikwazo kingine. Nchi yake iko katika orodha ya mataifa ambayo raia wake wanahitaji viza ya kupita hata wasipotoka katika eneo la kuunganishia ndege la kiwanja cha nchi za Schengen. Kwa msafiri wa Lubumbashi au Kinshasa, njia ya Paris au Amsterdam inaweza kuwa na pointi nyingi kwenye karatasi na bado ikawa njia mbovu. Addis, Istanbul, Doha na Nairobi zinamfaa zaidi, na mpango wa maili achague kwa kufuata njia hizo.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali zina hatari yake pia. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri abiria wala kumpa kiti kingine. Mara nyingi mzigo nao haupitilizwi, kwa hiyo ni lazima kuingia nchini, kuuchukua na kuukabidhi upya, jambo linalorudisha suala la viza palepale.

Mambo yanayokula pointi

Kinachoamua maili ngapi zitahesabiwa si umbali pekee. Kila tiketi ina herufi ya daraja la nauli, na viti viwili vilivyopakana vinaweza kuwa na herufi tofauti. Tiketi ya daraja la kawaida yenye bei kamili huhesabiwa maili zote. Yenye punguzo kubwa inaweza kuhesabiwa nusu, robo, au sifuri kabisa kama inaandikishwa kwenye mpango wa shirika jingine. Emirates huzipa nauli zake majina, kuanzia Special na Saver hadi Flex na Flex Plus, na kila jina lina kiwango chake cha maili. Kabla ya kulipia, inafaa kumwuliza wakala herufi au jina hilo, kisha kulitazama kwenye jedwali la mpango unaoutumia. Tofauti ya dola 40 kati ya nauli mbili inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kupata maili zote au kukosa.

Jina nalo huwakosesha wengi. Pasipoti za Afrika Mashariki mara nyingi zina majina matatu, tiketi ikabeba mawili, na akaunti ya maili ikaandikwa kwa mpangilio mwingine. Kompyuta isipoona majina yanayolingana, safari haiingii. Akaunti ifunguliwe kwa mpangilio uleule wa pasipoti, na pasi za kupandia ndege zitunzwe hadi maili zionekane, kwa sababu madai ya safari iliyokosekana huhitaji ushahidi na yana muda wa mwisho.

Yupo pia anayesahau mwaka wa hesabu. Mipango mingine hufuata Januari hadi Desemba, British Airways hufuata Aprili hadi Machi, na mingine huhesabu miezi 12 tangu siku ya kujiunga au ya kupanda daraja. Safari iliyosogezwa kwa wiki moja inaweza kuangukia upande usiofaa wa mstari.

Aliyeshapata kadi katika shirika moja ana njia fupi ya kuingia jingine. Mashirika yanapowania wateja hufungua dirisha la kulinganisha hadhi: unatuma picha ya kadi yako na taarifa ya safari zako, unapewa daraja linalofanana kwa miezi michache, kisha unatakiwa kuruka idadi fulani ili ulibakize. Kwa kawaida fursa hii hutolewa mara moja tu kwa kila mtu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo iombwe pale ambapo safari zimeshapangwa, si miezi ya kukaa nyumbani.

Gharama isiyo kwenye tiketi

Kuruka kwa ajili ya pointi kuna mtu wa tatu anayelipa. Oktoba 2019 Richard Carmichael wa Imperial College London, katika ripoti aliyoiandika kwa ajili ya Kamati ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Uingereza, alipendekeza mipango ya maili ipigwe marufuku, kwa hoja kwamba inawachochea watu kuruka bila sababu ili tu wabaki na daraja lao. Norway ilishawahi kuzuia maili katika safari zake za ndani kuanzia 2002 hadi 2013, ingawa lengo lake lilikuwa kulinda ushindani wa mashirika, si hewa.

Hoja ya Carmichael ina uzito wa pekee katika ukanda ambao mvua zake zimeanza kukosa mpangilio ilhali watu wake wengi hawajawahi kupanda ndege. Safari ya Bangkok isiyo na shughuli huchoma mafuta kama yenye shughuli. Lakini karibu kila mbinu inayomfaa msafiri wa Afrika Mashariki haihitaji safari ya nyongeza. Inahitaji safari ileile ya kwenda kumwona mama Mombasa au kufuata mzigo Guangzhou, ikiwa imeandikishwa mahali sahihi na kununuliwa kwa herufi sahihi.

Kwa anayepanga safari ya mwisho wa mwaka, kazi inaanza na karatasi moja: aandike safari zote anazotarajia katika miezi 12 ijayo na miji ya kuunganishia, kisha atazame ni muungano gani unabeba nyingi zaidi kati ya hizo. Ndani ya muungano huo atafute mpango unaopima kile anachokitoa kwa wingi. Anayeruka mbali kwa nauli ndogo aende kwa wanaopima umbali, na anayelipiwa tiketi ghali na mwajiri aende kwa wanaopima fedha. Kama jumla inapungukiwa kidogo na daraja, kubadili kituo au herufi ya nauli kunaweza kutosha. Kama inapungukiwa sana, mwaka huo achague nauli iliyo nafuu kuliko zote na alipie launji kwa siku anazoihitaji, maana kadi itakayotumika mara mbili hailipi gharama ya kuifukuza. Na masharti ayasome upya kila Januari, kwa kuwa British Airways ilitoa tangazo la kubadili kila kitu ikiwa imebaki miezi mitatu tu kabla ya mabadiliko kuanza kutumika.